Chupa ya Mafuta ya Samaki

Mwalimu mkuu alinipa muhula mmoja nijirekebishe. Shule ninayofundisha iko mtaa wa Tudor, na daftari la mahudhurio hufungwa saa moja na robo. Mimi nilikuwa nachelewa siku tatu kwa wiki.

"Mwalimu, nikishaandika barua ya kukuachisha kazi siwezi kuifuta," aliniambia.

Hakujua kwamba saa kumi na moja alfajiri nilikuwa macho, natawadha. Nikimaliza naona kama kiwiko hakikupata maji, narudia, hadi kunakucha. Nyumbani kwetu, Mji wa Kale, jambo hilo huitwa wasiwasi. Daktari alisema ni ugonjwa wa akili kung'ang'ania shaka, kwa Kiingereza OCD, akanipeleka kwa mshauri, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi. Zoezi lake lilikuwa moja: nioshe kila kiungo mara tatu kama inavyotakiwa, kisha nitoke na shaka yangu.

Kuhusu chakula, daktari alisema wazi kwamba hakiponyi, ila mwili wenye njaa na uchovu hushindwa upesi. Nikaanza na niliyoyaweza. Kahawa chungu niliipunguza kutoka vikombe vitano hadi kimoja. Siku nne kichwa kiliniuma. Ya tano kikaacha. Asubuhi nikala mbaazi na hamri moja badala ya kutoka na chai tupu. Jioni nikatembea hadi sokoni Marikiti na kurudi, nikiwapisha wachukuzi na magunia yao. Nikawa nalala mapema. Mwisho wa mwezi nilikuwa nachelewa mara moja kwa wiki. Wasiwasi haukuondoka, lakini nilikuwa na nguvu ya kubishana nao.

Hapo nikafanya pupa. Bila kumuuliza daktari, nilinunua chupa ya vidonge vya mafuta ya samaki, nikidhani vitanituliza akili upesi. Nilimeza siku tatu. Siku ya nne nikasoma maandishi ya chupa: ganda la kidonge ni jelatini. Haikuandikwa ya mnyama gani. Je, kama ni nguruwe?

Sisi tumefundishwa tangu chuoni, tulikosomea Kurani utotoni, kwamba najisi ya nguruwe huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Nikachota udongo katika chungu cha mrehani cha mamangu, nikaosha bilauri, kijiko, mikono, kisha kitasa cha mlango kwa kuwa nilikishika.

Mamangu akaja akasimama karibu na ndoo.

"Mrehani wangu umekosa nini?"

"Nasafisha, mama. Vile vidonge pengine vina nguruwe."

"Mkokoteni wa maji umekuja mara mbili leo. Jirani aniuliza arusi ni ya nani." Akaokota chupa, akaigeuza. "Hivi ni vya nini?"

"Mafuta ya samaki."

"Mwanangu, wakaa kisiwani, wanunua samaki wa chupa?"

Nilicheka, lakini mikono haikuacha kusugua. Wiki hiyo nilichelewa siku nne. Mwalimu mkuu alinitazama, akatazama saa.

Niliwauliza masheikh wawili. Wote walijibu kwamba shaka peke yake haikifanyi kitu kuwa najisi. Nilipomwambia mshauri kwamba nakwenda kwa wa tatu, aliweka kalamu chini.

"Huyo atakwambia nini ambacho wawili hawakukwambia?"

"Huenda akawa na uhakika zaidi."

"Kuuliza huko nako ni kuosha," alisema. "Vidonge usimeze, huvihitaji. Lakini chupa usiitupe. Iweke mezani. Kila asubuhi ishike, kisha nenda kazini."

Mamangu alimaliza upande wa chakula. Alikwenda mwenyewe Liwatoni, wanakoshusha samaki, akarudi na vibua, akawakaanga, akaniwekea wawili pembeni mwa mbaazi. Chupa ilikuwa katikati ya meza, karibu na chumvi.

Jumatatu ya kwanza niliishika kwa vidole viwili. Mamangu akasema, "Ishike kama mtu, haiumi." Nikaishika kwa kiganja. Ndoo ilikuwa hatua tatu kutoka nilipokaa, imejaa. Nikala kibua kwa mkono uleule, nikafuta vidole kwa kitambaa, nikavaa viatu.

Njia nzima hadi Tudor nilikuwa na hakika kwamba kila nilichogusa nimekichafua. Daftari lilikuwa bado wazi. Nikachukua kalamu ya shule, ambayo wenzangu wote wangeishika baada yangu, nikaandika jina langu, na mbele yake: saa moja na dakika kumi.