Uzi wa Shaba Kwenye Kabureta

Mume wangu alikuwa dereva wa teksi, na ile teksi ilinitia hofu tangu siku baba yangu alipoitia uzi.

Baba alikuwa fundi wa magari mtaa wa Gerezani, upande wa pili wa reli. Mimi nilipika palepale uani kwake, wali na maharage, mafundi wakala. Miaka ile petroli ilikuwa ya foleni toka alfajiri, na mara nyingine unafika mbele unaambiwa imekwisha. Kila dereva alitaka injini inayokula kidogo. Dawa ya mtaani ilikuwa kufungua kabureta na kupenyeza uzi mmoja wa shaba, uliochomolewa kwenye waya wa umeme, katika kile kitundu kinachopitisha petroli. Kitundu kinabana, injini inavuta hewa nyingi na petroli kiduchu. Galoni moja inaenda mbali.

"Mzee, nitilie na mimi," mume wangu aliomba.

Baba hakutaka. Alimweleza kwamba petroli hiyohiyo inayoleta nguvu ndiyo inayosaidia kupoza injini. Ukiibana, valvu zinaungua. Tena ukikanyaga mafuta ghafla, hewa inatangulia, petroli inachelewa, injini inakata.

"Itakufia wakati unaihitaji," alimwambia.

"Mzee, gari bila petroli limeshakufa tayari."

Basi baba akautia.

Bwana yule alijisifu mpaka kero. Eti anaenda Magomeni na kurudi, mshale wa mafuta haujatikisika. Mimi niliangalia plagi za injini zilipofunguliwa: zilitakiwa ziwe rangi ya kahawia, zilikuwa nyeupe kama majivu. Na kila mchana, akija kula, nilimsikia ng'ambo ya reli. Anasimama kabla ya reli, anakanyaga mafuta, injini inakata kidogo, kimya, halafu inashika. Kile kimya kilininyima raha. Nilikuwa nasimama na upawa mkononi mpaka nisikie imeshika.

Nilimwambia autoe. Akasema nimezaliwa kwenye grisi halafu naogopa gari. Nilikasirika kwelikweli.

"Kama huutoi, usije kula huku."

Kesho yake akawa anakuja kama kawaida.

Nilikuwa napakua. Treni ya mizigo ilipiga honi upande wa stesheni, na hapohapo nikaisikia teksi yake. Safari hii haikusimama. Alitaka kuiwahi treni, akakanyaga mafuta, injini ikakata juu ya reli. Nikangoja ishike. Baba naye aliacha kazi, akainua kichwa. Tulisikia stata ikizunguka kwa uchovu, kwa sababu betri mpya nazo hazikupatikana. Ikazunguka tena. Honi ya treni ikawa ndefu, haikatiki.

Haikushika.

Baada ya mazishi teksi ililetwa uani imekunjika. Baba aliifungua kabureta, akauchomoa uzi kwa koleo. Ulikuwa mzima, hata haujapinda. Akautupa kwenye kopo la skrubu.

Haukupita muda, akaja dereva mwingine.

"Shikamoo mzee. Nisaidie na mimi ule uzi, mafuta hayapatikani."

"Marahaba," baba akajibu, akanitazama.

Machozi yalikuwa yamekwisha. Nilibaki na hasira tu.

"Mwulize kwanza," nikamwambia baba, "mkewe anapikia wapi, na kama huko injini inasikika."