Springi za Kubebea Pamba

Siku nilipokwenda kumchukua mama hospitali Bariadi naikumbuka hadi leo, mwanangu, na sehemu ya kumbukumbu hiyo iko kiunoni. Kwa kuwa nawe umepata gari na unataka fundi akuongezee springi, kaa kidogo nikusimulie.

Nilikuwa kijana, nimetoka chuo kikuu, nina pikapu kuukuu. Msimu wa pamba ulipokaribia nilifanya kama wenzangu wa kwetu Lalago: nikaongeza vyuma kwenye springi za nyuma, ili gari lisilale chini nikijaza magunia. Likainua mkia kama ndama anayekimbia. Nilijiona mhandisi, ingawa chuoni nilisomea historia.

Mama alikuwa amefanyiwa upasuaji wa tumbo. Daktari alinionya jambo moja tu: asirushwerushwe, mshono bado mbichi. Nikamkalisha mbele na mto, nyuma nikaacha patupu ili gari liwe jepesi. Kwenye lami tulikwenda vizuri. Tulipoingia barabara ya vumbi, kila shimo lilitupiga kiunoni. Springi zilizokazwa kwa ajili ya mizigo hazikupata uzito wa kuzikunja, zikawa ngumu kama mbao. Mama alishika tumbo kwa mikono miwili. Nikapunguza mwendo hadi baiskeli zikatupita. Haikusaidia.

Mbele tukakuta wanawake wametoka mnadani na magunia ya viazi, wanapunga mikono. Nikawapita.

"Baba, rudi," mama akasema.

"Mama, una mshono."

"Mshono uko tumboni, macho yanaona. Yule wa kitenge cha kijani ndiye aliyenipikia uji nilipokuzaa. Unamwacha juani na gari tupu?"

Nikarudi, nikiwa na hofu.

"Leo msomi katukumbuka," akasema yule wa kijani, wakapanda na magunia yao.

Shimo la kwanza nilikaza meno. Gari likazama taratibu, likainuka taratibu. Springi zilikuwa zimepata kazi yao. Ila kwenye kona usukani ukawa mwepesi mno, maana uzito wote ulikuwa mkiani. Nikasimama, nikawaomba wasogee na magunia karibu na kebini.

"Unatupanga kama pamba," wakanicheka, wakasogea.

Usukani ukatulia. Mama akaachia tumbo. Kabla hatujafika nyumbani, alikuwa amelala.

Kwa hiyo, mwanangu, usikaze springi kwa ajili ya mzigo wa msimu mmoja ukasahau watu utakaowabeba mwaka mzima. Ukilazimika kuzikaza, usiendeshe gari tupu ukiwa na mgonjwa. Weka uzito, uupange mbele ya magurudumu ya nyuma, na kona uziingie polepole. Na ukiona watu wa kwenu barabarani, simama. Mshono wa mama ulipona, akalima tena, na mimi bado namshukuru Mungu kwa wale wanawake na viazi vyao. Nawe akujalie safari za salama, na asikose kukupa watu wa kupanda nao.