Kiwanda Kilipobadili Jina

Ijumaa watu walitoka kazini kwenye kampuni moja, Jumatatu wakakuta nyingine. Bango jipya getini, rangi bado inanata. Ndani mashine zilezile, mgeni mwenye mali yuleyule, hata paka wa stoo yuleyule.

Mama Kola alikuwa hapo tangu kiwanda kinafunguliwa. Jina walimpa wenzake, maana kazi yake ilikuwa kushona kola za mashati, na kwa kola hakuna aliyemfikia.

Habari ya jina jipya aliieleza fundi mashine, mtu wa maneno mengi, wakiwa wamekaa nje kungoja kuitwa.

"Serikali ilimwambia mgeni, lete mtaji wako, miaka mitano hatukudai kodi. Miaka imekwisha. Basi kaifunga kampuni, kafungua nyingine kwa jina la shemeji yake. Hiyo ni kichanga, mama. Inaanza kunyonya upya."

Watu wakacheka.

"Na sisi?" Mama Kola akauliza.

"Sisi tuliajiriwa na marehemu."

"Marehemu si ana urithi? Kiinua mgongo chetu je?"

"Hakuacha hata kijiko. Mashine alikuwa anakodi kwa mgeni huyohuyo. Nenda kamdai kaburini."

Mama Kola hakucheka. Kiinua mgongo alishakikatia tamaa. Kilichomkaa rohoni ni kazi yenyewe, maana nyumbani yeye ndiye jiko, ndiye pango la chumba, ndiye dawa za mumewe aliyepooza upande mmoja. Waliahidiwa kuchukuliwa tena, ila kila mtu apimwe kama mwajiriwa mpya. Kipimo cha washonaji kilikuwa kutia uzi kwenye sindano.

Na macho yake yalikwisha zamani. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, chini ya taa za kiwanda, uliyala taratibu. Kushona alishona kwa vidole. Uzi ukikatika, jirani yake wa kushoto, dada waliyemwita Kasuku, alinyoosha mkono akamtilia, na umbea wake hausimami. Mama Kola naye alimtengenezea mashine ikianza kuvuta nyuzi. Hakuna aliyeona ni kosa. Ndivyo walivyofanya kazi.

Alipoitwa, miguu ilimpeleka kwenye kiti chake.

"Hapana mama, kaa hapa mbele," msimamizi akasema. Kijana huyo alimwita mama tangu alipokuwa mpiga pasi.

"Mashine yangu ni ile, mwanangu."

"Leo hakuna mashine ya mtu."

Akaulowesha uzi mdomoni, akauminya, akaupeleka. Ukakosa. Akaupeleka tena.

Kasuku, aliyekwisha kufaulu kipimo, alikuwa bado mlangoni. "Bosi, huyo hatii uzi, anashona. Uzi natia mimi."

"Nani kakuuliza?"

"Hujaniuliza. Ndiyo maana nakwambia."

Msimamizi akatupa jicho dirishani, alikosimama mgeni na simu yake, kisha akashusha sauti. "Mama, usinifanye hivi."

"Nakufanya nini, baba?"

"Jaribu tena. Polepole."

Akajaribu. Uzi ukapita kando ya sindano. Yeye akadhani umeingia, akauvuta kwa furaha, wote ukamjia mkononi.

"Tutakupigia," msimamizi akasema akiangalia meza. Namba ya simu hakuichukua.

Mlangoni Kasuku alimshika mkono. Mama Kola akautoa mkono wake taratibu, akaenda zake.

Nje ya geti palikuwa na foleni ya wasichana, wengine bado wana viatu vya shule. Mmoja akamsogelea.

"Shikamoo mama. Eti humo ndani wanauliza nini?"

Mama Kola akamtazama usoni. Uso wenyewe hakuuona vizuri.

"Marahaba. Wanakupa uzi, utie kwenye sindano."

"Hilo tu?" Msichana akawageukia wenzake akicheka. "Jamani, kutia uzi tu."

"Hilo tu," Mama Kola akasema, akasogea pembeni wapite.