Gari la Winfield na Akina Mama Watatu

"Mjomba, gari linashushwa hivi ili liende wapi?"

Kerissa alikuwa bado na mapengo ya meno ya utoto alipouliza hivyo, amechuchumaa uani, kule St. John, Barbados. Mjomba wake, Winfield Gittens, alikuwa amelala chali chini ya gari, spana mkononi. Alicheka, akamtuma maji ya kunywa. Jibu hakutoa.

Winfield alikuwa fundi wa friji. Siku za kazi alizunguka madukani akifufua friji zilizouawa na chumvi ya bahari. Jumamosi mikono yake ilikuwa mali ya gari. Lilikuwa gari la Kijapani la zamani, la buluu iliyopauka, linalovuta kwa magurudumu yote manne, na kwenye kona za mashamba ya miwa, hata mvua inyeshe vipi, halikutapatapa. Alipopata shokapu mpya, zile zilizovishwa springi inayokalia pete ya kuzungusha, alizipokea kama mtu aliyeletewa mtoto mchanga ampakate. Ukiipandisha pete, gari linainuka. Ukiiteremsha, linashuka.

Pale kwenye duka la ramu la Scobie, kipimo kilikuwa vidole. Ukiegesha gari, wanaume walitoka na glasi zao, wakachomeka vidole kati ya tairi na madigadi. Vikiingia vinne, wewe ni mchungaji wa kanisa, huna nafasi hapa. Viwili, karibu ukae. Winfield akateremsha pete mpaka kikaingia kimoja, tena kwa taabu, na Scobie mwenyewe akampisha kiti.

Tatizo ni kwamba wale wanaume walipima gari likiwa tupu. Jumapili halikuwa tupu.

Jumapili lilimbeba mama yake, Ianthe, mbele, na nyuma mama wadogo wawili, Eudene na Merle, wanawake walioshiba makaroni pai maisha yao yote na hawakuona haya. Jumapili ya kwanza baada ya pete kuteremshwa, kwenye kibonde kilicho kabla ya kanisa, gari liliketi. Tairi zikasugua madigadi, harufu ya mpira ulioungua ikajaa, tumbo la gari likakwaruza lami, na kofia ya zambarau ya Mama Ianthe ikagonga dari, ikapondeka. Alifungua mlango, akashuka, akamaliza kilima kwa miguu, kofia mkononi. Baada ya ibada akapanda pikapu ya jirani.

Jumapili iliyofuata vilevile. Na iliyofuata. Winfield hakuwa na mke, na wiki nzima aliongea na friji. Safari ile ya kanisani ndiyo iliyokuwa saa yake na mama yake, saa ya kuambiwa nani kajifungua, nani kafa, nani kakosa adabu. Sasa aliendesha nyuma ya pikapu, akiitazama kofia mpya ikicheka na mtu mwingine.

Mwishowe akaenda kumwangukia mama yake. Hakumwomba arudi. Alimwomba aje akae garini tu, bila kwenda popote.

"Nikae tu?"

"Ukae tu, Mama. Nataka nilipime nyinyi mkiwa ndani."

"Na kina Eudene?"

"Wote."

"Basi tunakuja na kofia," akasema Mama Ianthe. "Maana wewe ulisahau kwamba mama yako ana kichwa."

Jumamosi wakaja wamevaa kama wanaenda kuposwa, Biblia mapajani, Merle na sahani ya keki ya muhogo. Gari liliegeshwa kwenye sakafu ya zege nyuma ya duka la Scobie, mahali pekee palipolala sawa mtaani. Kila mara gari lilipopigwa jeki, akina mama walishuka wakinung'unika. Pete ikazungushwa, gari likatua, wakapanda tena. Kisha wanaume wa dukani wakalisukuma mbele na nyuma ili springi zikae mahali pake, ndipo Winfield apime. Wakarudia, wakarudia, mpaka keki ikaisha.

"Winno, utakuwa mchungaji," Scobie akalalamika, jasho likimtiririka.

"Sukuma, Scobie," Mama Ianthe akamjibu kutoka dirishani. "Na hiyo ramu ikutoke."

Kesho yake walikishukia kibonde. Gari likazama polepole, likainuka. Mama Ianthe alikuwa anamsema mpiga kinanda wa kanisa, na hakukatiza hata neno.

Miaka ikaenda hivyo. Merle akatangulia, kisha Eudene, na mwaka jana, miwa haijaanza kukatwa, Mama Ianthe akawafuata. Gari likabaki limesimama juu juu, kama mtu aliyeinuka ampishe mgeni kiti, na mgeni hakuja.

Juzi Scobie alikuja na spana yake mwenyewe. Akamwambia kwa upole kwamba abiria hana tena, wakishushe chombo, kirudi kwenye ujana wake. Winfield aliipokea spana, akaigeuzageuza, akamrudishia.

Kerissa, ambaye sasa ndiye anayekaa mbele Jumapili, akamkumbusha, wakiwa garini, lile swali lake la utotoni, gari linashushwa liende wapi. Winfield aliwasha injini, akangoja ipate joto.

"Kanisani," akasema. "Lilikuwa linaenda kanisani, mwanangu. Mimi nilidhani linaenda kwingine."