Mlango Mdogo wa Doto

Nilipokuwa mtoto, dada yangu pacha, Doto, hakuruhusiwa kuingia kanisani kwa mlango mkubwa, na mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira.

Kanisa letu, upande wa Nyamuswa, lilijengwa na wamisionari kwa mawe ambayo babu zetu waliyabeba mabegani kutoka mlimani. Madirisha yake ni marefu, membamba, yamechongoka juu, na mawe ya mlango mkubwa yanakutana kileleni kama viganja vya mtu anayesali. Hapo kileleni pana ufa. Ulionekana wiki tuliyobatizwa, masika ya mvua nyingi, na kijiji kizima kikaamua kwamba mapacha tumelipasua kanisa kwa kupitishwa pamoja chini ya mlango huo.

Na hao ni wakulima wa pamba! Watu wanaojua kabisa kwamba udongo mweusi wa kwetu huvimba kwa mvua na kupasuka kiangazi, wanaoziba nyufa za nyumba zao kila mwaka bila kumsingizia mtu. Kanisa limekaa juu ya udongo uleule, lakini lawama tukatupiwa sisi, watoto wa kubebwa mgongoni.

Basi kila Jumapili mimi niliingia mbele, na Doto, kwa kuwa ndiye aliyezaliwa wa pili, alizungushwa nyuma na Bibi hadi mlango mdogo wa sakristia, chumba anamovalia padri, kwenye matope na mavi ya popo. Siku ya komunyo ya kwanza, akiwa na gauni lake jeupe, alinishika mkono akakataa kuniachia.

"Bibi, leo tu."

"Mapacha hawapitagi pamoja hapo," Bibi alisema, akimbandua vidole kimoja kimoja. "Unataka likuangukie?"

Bibi alitupenda, najua, na siku ile alilia kuliko Doto. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Alipohamia Musoma, Doto alisali kwenye kanisa la bati. Alinitania kwamba angalau lina mlango mmoja.

Mwaka jana alifariki, tukamleta nyumbani. Wazee wakataka jeneza lipitie nyuma. Niliwaambia mbele ya watu wote wanyamaze. Nikashika upande wa kichwani, tukaingia kwa mlango mkubwa, mimi na Doto, pamoja. Chini ya ufa nilisimama makusudi nikatazama juu, wabebaji wenzangu wakinisubiri.

Hakuna jiwe lililotikisika. Doto hakuliona hilo.