Siumwi, Nimekaa Tu

Wewe mwanangu, ambaye kila nikiinua ndoo unaniambia nikae, hebu njoo karibu. Iko siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingine: siku shangazi yangu Zaina alipokataa kubebwa.

Ilikuwa hapa Kigali, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa msichana ninayejifunza cherehani Nyamirambo, nikiishi kwake. Tangu afiwe na mumewe, shangazi alikuwa hatoki. Maji nilimletea, chakula nilimletea, hata kandambili nilimsogezea miguuni. Akiulizwa kwa nini hatembei, hucheka: "Mtembezi hula miguu yake." Kisha huitazama miguu yake iliyovimba na kusema mwili wa mzee ni nguo iliyofuliwa sana, ukiivuta inachanika. Mtaa mzima tulimwamini. Alikuwa na mvi, na mvi huaminiwa.

Dada yake, Mama Hadija, aliishi Kibagabaga, ambako siku zile kulikuwa bado na migomba na mashamba. Yeye ndiye aliyezoea kuja kwetu. Kisha akaanguka, akavunjika nyonga. Habari zikaja kwamba hainuki tena, na kwamba anamuulizia mdogo wake. Tukapanda taksi mpaka pale gari lilipokoma. Kilichobaki kilikuwa kilima.

Hata kona ya kwanza hatukuimaliza. Shangazi alikaa chini kwenye majani, akihema kama mvukuto. Wanaume waliokuwa wakishuka na ingobyi, ile machela yetu ya kubebea wagonjwa, wakasimama.

"Mama, panda. Sisi iko na nguvu," mmoja alisema.

Shangazi aliitazama machela. "Hiyo ni ya mgonjwa, baba. Mimi siumwi. Nimekaa tu."

Tukageuka kurudi. Njia nzima machozi yalimtoka.

Kesho yake alfajiri nikasikia ndoo ikigonga mlango. Alikuwa anakwenda bombani mwenyewe. Alirudi na maji nusu ndoo, jasho linamtiririka, mapaja yanatetemeka. Nikamsihi apumzike, umri wake haumruhusu.

"Umri siukatai," akanijibu. "Mvi ni zangu, makunyanzi ni yangu. Lakini huku kukaa, nani alinipa?"

Asubuhi iliyofuata akapiga magoti kutafuta kandambili zake chini ya kitanda, huku akiguna. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sikujua kwamba methali nayo huumiza mgongo. Zilikuwepo asubuhi alizonuna, na nyingine alizoishia mlangoni. Lakini kila alipoishia, kesho yake alianza tena, mpaka majirani wakazoea kumwona akipanda ule mwinuko wa msikitini, mkono mmoja ukutani.

Mvua zilipokatika tukarudi Kibagabaga. Alipanda polepole, akipumzika kila penye kivuli, wala hakutaka nimshike. Mama Hadija alikuwa amelala, amekonda mno.

"Nani amekubeba?" aliuliza.

"Hakuna."

Mgonjwa akacheka, kicheko kikageuka kilio. Shangazi akabaki pale. Akawa anamgeuza, anamwogesha, anamchotea maji kisimani, hadi mwenzake alipokata roho. Ni mkono wake uliomfumba macho.

Kutembea hakukumrudishia ujana, mwanangu, wala hakukumponya dada yake. Kulimrudishia mwili wake, ukaweza kwenda pale moyo ulipotaka.

Basi usinihurumie kwa kunikalisha. Uzee nimeupokea, maana kuishi ni kuzeeka. Udhaifu wa kukaa siupokei. Magoti yangu yanalalamika, nami nayasikia, na bado nitakwenda nayo sokoni kesho. Nawe usingoje mvi ndipo uanze, kwani mwili husahau upesi na hujifunza taratibu. Ukimwona mzee anainuka, mpe mkono, usimpe kiti.

Mwenyezi Mungu akujalie miguu ya kukufikisha kwa unaowapenda, nawe uwakute wangali wanakungoja.