Divai Haitiwi Asali

Waliponichagua kusimamia vinywaji kwenye harusi ya mdogo wangu, sifa yangu ilikuwa moja tu: nilisoma Dodoma. Kamati nzima iliona inatosha. Mtu aliyeishi kwenye mji wa zabibu, walisema, hawezi kudanganywa kwenye mvinyo. Ukweli ni kwamba kule nilisomea utunzaji wa masjala, na zabibu nilizozifahamu ni zile za kwenye mifuko ya barabarani, nilizokuwa nazimaliza kabla sijafika hosteli. Lakini sifa ukipewa bure, unaivaa. Nikawa naingia ofisini kwetu Isikizya nikitamka neno mvinyo kwa kubana midomo, na nilikuwa na furaha ya kipuuzi ambayo sijawahi kuipata tena.

Mdogo wangu alikuwa anaolewa na kijana wa Ziba. Kwao ni wafugaji, ukoo mmoja wenye Waislamu, Wakristo, na wengine ambao, kama alivyosema baba yake mdogo, bado wanafikiria. Sisi ni Wakatoliki wa Ulyankulu, wajukuu wa watu waliotoka Burundi. Mambo yalikubaliwa bila kelele: mezani kwao soda, mezani kwetu mvinyo, na wakati wa kugonga glasi kila mtu anainua alichonacho. Kugonga glasi ndiko kulikokuwa roho ya sherehe. Muziki unawekwa, watu wanapanda wakicheza hadi meza kuu, wanagonga na maharusi, na wanaotangulia ni wazazi.

Baba yetu alikuwepo na kiti chake kilijulikana. Kiti cha mama ndicho kilichotaka mtu. Mama alifariki mdogo wangu akiwa bado ananyonya, na Bibi, mama yake mama, akatuchukua Ulyankulu akatulea. Kabla hata hajasema rangi ya gauni, mdogo wangu alisema Bibi ndiye atakayekaa pale. Mengine yote, alisema, tuamue sisi.

Nikapanda basi kwenda Dodoma. Muuzaji alikuwa dada mpole, akaniuliza: "Unataka mtamu au mkavu?" Sikujua kama mvinyo unakauka. Nikafikiri haraka. Kwetu kitu kikavu ndicho cha maana: muhogo mkavu, dagaa wakavu, uyoga mkavu. Kikavu kinakaa, kinasafiri, hakikutii aibu mbele ya wageni. "Mkavu," nikasema, "tena mkavu kabisa." Akanitazama kwa heshima, nami nikaipokea.

Nilirudi na maboksi yangu kwa treni. Wanyamwezi wa zamani walibeba mizigo ya dunia nzima kwenye njia hii kwa miguu, mimi nikaibeba yangu nimeikalia, na bado nilijisikia mpagazi hodari. Treni iliposimama Kigwa, Tabora tunaiona kwa moyo, nikashindwa kuvumilia. Nikampigia Bibi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Habari za harusi?"

"Nzuri. Mimi nimekabidhiwa divai."

"Wewe?"

"Mimi, Bibi. Ninayo hapa nimeikalia."

"Umeikalia. Padri anajua?"

"Padri amealikwa ukumbini. Atakunywa na sisi."

"Kumbe misa itakuwa ukumbini," akasema Bibi.

Ningesema waini, ningesema mvinyo, ningesema hata pombe tu, yangepita. Lakini nilitaka kumfurahisha kwa neno zuri, na neno zuri nililowahi kulisikia mdomoni mwake ni divai. Bibi amefua vitambaa vya altare ya kigango chao tangu sijazaliwa. Kwake divai ina kazi moja tu duniani. Nilipomweleza kwamba hapana, misa ni kanisani, divai ni ya kushushia pilau, akaniuliza kwa upole kama nina homa.

"Kanisani nitakuja," akasema. "Huko ukumbini msinihesabu. Nitakaa kwa shangazi yenu, mtaniletea pilau."

Mdogo wangu alipopata habari alilia mpaka akapata kwikwi. Akasema imwagwe yote. Nikampigia Bibi tena kumwambia tunaimwaga, na hapo ndipo nilipojua jinsi nilivyojifunga kamba mwenyewe. "Divai haimwagwi," akasema. "Kuimwaga ni kubaya kuliko kuinywa." Kwa hiyo tulikuwa na maboksi ya kitu kisichonyweka na kisichomwagika, na bibi harusi aliyeapa kwamba kiti cha mama yake kikiwa kitupu, yeye hataingia ukumbini.

Siku moja kabla ya harusi, mchana, tulikuwa uani kwa shangazi, dada yake baba, pale mjini Tabora. Yeye ndiye aliyekuwa mpishi mkuu. Akaamua kwamba wakati sisi tunalia, yeye angalau aonje. Akafungua chupa moja, akameza, akafumba jicho moja.

"Mwanangu, wamekuuzia siki."

"Ni mvinyo mkavu, shangazi."

"Hata siki ni kavu. Hii imechacha."

Akaonja mama mkubwa, akaonja jirani, akaonja dada wa bwana harusi aliyekuja kuleta mbuzi na ambaye alikuwa wa wale wanaofikiria. Wote wakakunja uso, wote wakaomba tena ili wahakikishe. Mtu wa Tabora akikuta kitu kichungu hana maswali mengi. Shangazi akaingia ndani akatoka na dumu la asali ya porini, ile nyeusi, nzito, akasema lete ndoo. Tukamimina, akatia asali, akakoroga kwa mwiko wa ugali. Tukaonja. Akaongeza. Tukaonja tena, maana kazi ya kuonja haifanywi na mtu mmoja. Baada ya muda jirani alikuwa anacheka peke yake akiutazama mwiko, na mimi nilikuwa nimekaa chini, miguu nimeinyoosha, nikiwaeleza mbuzi mambo ya Dodoma.

Hivyo ndivyo Bibi alivyotukuta. Alikuwa amefika kutoka Ulyankulu kwa ajili ya misa ya kesho yake, kitenge kipya, rozari shingoni. Jirani akaendelea kucheka.

"Shikamoo, mama," akasema shangazi, mwiko mkononi.

"Marahaba. Mnakoroga nini?"

Mimi ndiye niliyekabidhiwa, nikainuka nikishika ukuta. "Ndiyo ile, Bibi. Ile divai."

Akasogea, akainama juu ya ndoo, akanusa. Akachovya ncha ya kidole, akalamba. Nilimwona akifikiri.

"Mmetia asali."

"Ilikuwa kali, mama," akasema shangazi. "Tumeitia kidogo tu."

"Divai haitiwi asali," akasema Bibi. "Divai haitiwi kitu chochote, isipokuwa tone la maji, na tone hilo analitia padri. Ukiweka kingine, padri hawezi kuigusa tena." Akatutazama mmoja mmoja, kama watoto waliovunja mtungi. "Hii mmekwisha kuiharibu. Hii sasa ni pombe."

"Tusamehe, Bibi," nikasema.

"Niwasamehe nini? Pombe nakunywa," akasema, akavuta kigoda akakaa. "Hamkuniambia ni pombe. Nipeni kikombe."

Shangazi alicheka mpaka mwiko ukamtoka. Mimi nilikimbilia chumbani kwa mdogo wangu peku, nikagonga kizingiti kwa kidole cha mguu, na nilimpa habari nikiwa narukaruka kwa maumivu na furaha pamoja. Chupa zote zilizobaki zilifunguliwa na kutiwa asali jioni ile, Bibi mwenyewe akisimamia kipimo, maana alisema shangazi ana mkono mwepesi.

Kesho yake ukumbini mvinyo wangu ulimiminwa kutoka kwenye majagi. Watu wa Ziba walioapa kunywa soda walibaki na soda, ila wale wanaofikiria walihama meza. Halafu muziki ukabadilishwa na MC, kijana wa kukodi asiyejua lolote la ukoo wetu, akaita: "Mama mzazi wa bibi harusi, tunaomba utangulie."

Nikakaza macho mezani. Maisha yetu yote Bibi hakukubali kuitwa mama yetu. Shuleni, zahanati, hata kanisani, mtu akimwita hivyo alimsahihisha palepale: mimi ni bibi yao, mama yao ni binti yangu. Hakutaka nafasi ya mwanawe ichukuliwe na mtu, hata na yeye. Nilimwona mdogo wangu amekishika kiti chake kwa mikono miwili, naye anasubiri MC asahihishwe.

Bibi alisimama, akainua glasi yake.

"Nipo," akasema, akaanza kucheza kwenda mbele.